Mke au Kaku?

Mnisamehe kwanza kwa maandishi haya. Niliacha shule nilipomaliza darasa la sita, na tangu hapo mkono wangu umezoea gunia kuliko kalamu. Kuna maneno nitakayoyaandika kama ninavyoyasikia tu, na kuna mahali herufi zitapanda juu ya mstari kama mbuzi juu ya ukuta. Alama nyeusi mtakazoziona pembeni si wino. Ni makala, ndiyo mkaa, maana nauza makala mbele ya nyumba ya kaku. Mteja akija naweka kalamu chini, nikirudi nimesahau kunawa.

Kaku ni nyanya yangu, mama wa mama yangu. Nawaandikia kwa sababu ya filamu moja ya zamani ambayo mwisho wake umetushinda hapa Kasulo, mtaa wetu huku Katanga. Nataka mtu aliyeiona mahali pengine aniambie ukweli. Najua filamu ni mchezo. Lakini kwetu hii imegusa nyumba.

Mjomba wangu, mtoto wa kiume wa kaku, ana nyumba ya video karibu na soko. Ni chumba kirefu cha mabati, mabenchi, na televisheni iliyowekwa juu ya friji iliyokufa. Mjomba aliishi Zambia miaka mingi akiuza nguo, na alirudi na Kiingereza. Mtaani kwetu wanaojua Kifaransa wapo, lakini wa Kiingereza ni yeye peke yake. Kwa hiyo mchana filamu ikianza yeye anashika mikro, kile kipaza sauti, anasimama kando ya televisheni, na wanachosema kule ndani yeye anakisema hapa nje kwa Kiswahili. Watu wanamwita mutafsiri.

Mtu anayejua lugha peke yake, watu wanampenda na kumshuku kwa wakati mmoja. Mzungu wa kwenye filamu akisema maneno mengi, na mjomba akayafupisha, utasikia sauti kutoka nyuma:

"Mutafsiri, ingine umepeleka wapi?"

"Ingine ilikuwa salamu," anajibu.

"Salamu gani mutu anakasirika vile?"

Filamu ninayoisema ililetwa na dereva mmoja wa lori anayefanya njia ya Dilolo. Mwanzo wake ulikuwa umekatika, kwa hiyo jina lake hatukuliona kamwe. Haina rangi. Ndani kuna mwalimu wa sayansi, mzungu mwenye masharubu, ambaye chini ya ngazi za nyumba yake amejenga kitu kama kile kizimba cha chuma kinachoteremsha wafanyakazi mgodini. Ila hiki hakiteremki ardhini. Kinateremka ndani ya miaka. Mwalimu anaweka jiwe dogo chini yake, jiwe linatoa mwanga, mke wake anafunga mlango, na kizimba kinaanza kutetemeka.

Siku ya kwanza hatukufika mbali kabla ya maneno kuanza. Benchi la mbele anakaa tata mmoja, yaani mzee, aliyestaafu kazi ya mgodini. Anakaa pale kwa sababu masikio yake yaliharibiwa na baruti. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Nani anapiga kengele?"

"Kengele gani, tata?" mjomba akauliza.

"Ya huku juu. Mutu hashuke bila mutu wa kengele. Akikwama kule, nani atajua? Mwalimu muzima, amesoma, hajui ile? Anajua! Ni kusema hataki kurudi."

Nyuma yangu alikuwa mama muuza samaki, mtu wa kaskazini ya Katanga, ambaye ulimi wake unaogopwa kuliko wembe. Yeye hakuangalia kizimba hata kidogo. Aliangalia mke.

"Muone ule mwanamuke. Bwana yake anaenda kupotea, ye anafunga mulango na mikono mbili. Mwenye kulia anafunga na mikono mbili?"

"Labda mulango iko na uzito, mama," kijana mmoja akasema.

"Uzito! Anajua kitu, ule."

Kijana huyo ni mchimbaji, na yeye alikuwa na lake. "Hii jiwe ni ya kwetu," akasema. "Muangalie buluu yake."

"Buluu unaona wapi? Filme haina rangi!"

"Mi nachimba, mama. Hata mu giza naijua. Balikamata hapa, bakapeleka kwabo, sasa banatuonyesha."

Watu walicheka, lakini nilisikia wengine wakinong'ona kwamba huenda ni kweli.

Halafu kizimba kinasimama. Mwalimu anafungua mlango na kutoka. Nyumba ni ileile, ngazi ni zilezile, lakini majani yameingia kwa dirisha na yameota hadi katikati ya chumba. Kwenye kiti amekaa mwanamke mzee sana. Anamtazama mwalimu kwa muda mrefu, kisha anafungua mdomo na kusema maneno machache. Ndiyo maneno hayo ninayowauliza.

Mjomba alisema kwenye mikro: "Anasema, mume wangu, umekuya." Papo hapo akaongeza, "Ni kaku yake."

Msishangae. Kwetu, watu wa asili ya Kasai, na kwa wengi wa hapa pia, nyanya humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu. Ni utani na ni heshima. Kaku wangu ananiita hivyo tangu nilipozaliwa. Asubuhi nikichelewa kufungua magunia anapaza sauti, "Mume wangu, utaniua na njaa?" na wapita njia wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kwa hiyo mjomba aliona ni jambo wazi: mwalimu amerudi nyuma, amemkuta nyanya yake aliyekufa zamani, na nyanya anamwita mume kama nyanya wote.

"Kaku wapi!" mama muuza samaki akasimama. "Ule ni muke yake mwenyewe! Amezeeka! Alimungoja mpaka meno ikaisha!"

"Mama, amesema kaku?" mtu akauliza.

"Amesema mume wangu! Kaku ni mutafsiri njo amesema!"

Chumba kikagawanyika papo hapo. Kama ni kaku, mwalimu amekwenda zamani. Kama ni mke, amekwenda mbele, kwenye miaka ambayo haijafika, na amemwacha mwanamke azeeke peke yake. Filamu haikusaidia. Mwalimu alipiga magoti, akalia, akarudi ndani ya kizimba, mlango ukafungwa, basi. Mwisho.

"Mutafsiri," tata wa mgodini akasema, "tuambie moja tu. Alifika jana ao alifika kesho?"

Mjomba alikuwa ameshachemka. Mtu akichemka husema kwa lugha ya mama yake. "Alifika makelela!" akapiga kelele.

Waliojua Ciluba waliangua kicheko. Wengine ilibidi waelezwe. Katika Ciluba, lugha yetu ya Kasai, makelela ni siku iliyo kando ya leo. Ni jana, na ni kesho pia. Neno ni moja, na unajua ni ipi kwa maneno mengine yanayolizunguka. Mtu akilisema peke yake, umebaki nalo mkononi.

"Ah, ninyi batu ya Kasai!" mama muuza samaki alifuta machozi. "Njo maana mukialika batu ku ndoa, banafika kesho yake!"

"Na weye, mama," mjomba akajibu, "ulifika siku yenyewe bila kualikwa."

Baada ya hapo watu waliiomba filamu ile tena na tena. Hawakuja kuangalia, walikuja kubishana. Wakawepo wa jana na wakawepo wa kesho. Na kila ilipochezwa, shaka juu ya mjomba iliongezeka. Kwa nini alisema kaku haraka vile? Kwa nini mwanamke anafungua mdomo mara tatu na yeye anasema mara moja? Mchimbaji alidai mjomba amekula maneno ya jiwe, kwamba kuna mahali filamu inataja nchi lilikotoka. Mimi nilikuwa nakaa pembeni bila kusema. Nilicheka nao kidogo, nikamhurumia mjomba kidogo. Yeye ndiye aliyenilea pamoja na kaku baada ya mama kufariki. Alininunulia viatu vya shule, na viatu vile nilivivaa mpaka vidole vikatoka.

Sasa nyumba.

Mlioko mbali mjue kwamba hapa Kasulo watu huchimba chini ya nyumba zao. Shimo linaanzia chumbani, linafunikwa na turubai, na mawe ya kobalti yanatoka kwa magunia. Mahali ulipo ukuta wetu, upande wa pili, jirani amechimba. Mchana maji ya kwenye beseni yanatetemeka bila mtu kuyagusa. Kaku akiyaona anagonga sakafu kwa kisigino, mara mbili, kama mtu anayemwambia mpangaji apunguze kelele.

Yeye hakutaka kuchimba. Zamani, kabla sijazaliwa, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa huku Katanga, aliwahi kukaa kwenye stesheni pamoja na masufuria yake, akingoja treni ya kuwarudisha watu Kasai, nchi ambayo hakuwa ameiona tangu utoto. Aliporudi hapa alikuta nyumba haina mlango wala bati. Aliijenga upya polepole. Ndiyo maana mtu akimwambia habari ya kuhama anamtazama kama hakumsikia.

Lakini patron mmoja alikuwa anautaka uwanja wetu, lupango kama tunavyosema. Patron ni mtu anayegharamia shimo na kuweka wachimbaji. Alikuja asubuhi na mashahidi wawili, wakakaa kwenye viti. Mjomba alikuwapo ili kutafsiri, maana kaku mbele ya wageni husema Ciluba tu. Mimi nilikuwa mlangoni nikipanga makala, nilisikia yote.

Patron alisema, "Mutafsiri, uliza mama kama mumesikilizana ku familia. Mi sitaki mambo ya kesho na kesho kutwa."

Mjomba akamwuliza kaku kwa Ciluba. Alisema kwa sauti ya chini na kwa haraka, na gunia lilikuwa linakwaruza sakafu, sikuyashika maneno. Kaku akajibu neno moja.

"Makelela."

Mjomba akamgeukia patron. "Anasema jana. Tulisikilizana jana."

Patron akampa mkono, mashahidi wakaona, wakaondoka. Akasema ataleta watu wake baada ya juma moja.

Mimi niliona si ajabu. Kweli siku iliyotangulia mjomba alikuja, akakaa na kaku chumba cha ndani, wakaongea mlango umerudishwa. Nikafikiri, basi, kaku amechoka, amekubali. Iliniuma, lakini wakubwa wakishapatana mtu kama mimi atasema nini?

Kesho yake kaku aliamka mapema. Alioga, akavaa kikwembe chake kizuri, kitenge kile cha kwenda kanisani, akafunga kitambaa kichwani, akaniambia nitoe viti viwili nje na nivipanguse. Akakaa. Jua likapanda, akahamisha kiti kivulini, akakaa tena. Hakula mpaka alasiri.

"Kaku, unamungoja nani?" nikamwuliza.

"Ule patron. Si nilimwambia makelela? Nilikuwa nataka kulala na neno lake kwanza. Sasa nimelala nalo, niko na jibu, na ye haonekane. Batu ya mali habana adabu."

Niliingia ndani nikakaa juu ya gunia. Neno lilikuwa moja. Kaku alilitoa likiwa kesho, likafika kwa patron likiwa jana. Katikati alikuwepo mtu mmoja tu.

Tangu siku ile sikuweza kumwangalia mjomba kama zamani. Alipokuja na samaki nilijiuliza samaki wa nini. Alipouliza kaku amelalaje nilijiuliza anauliza kwa nini. Alipogonga ukuta akisema bado una nguvu, nilifikiri anaupima. Shaka ni kama unga wa makala: ukishaingia ndani, kila kitu unachoshika kina alama yake.

Siku filamu ile ilipochezwa tena nilikwenda. Sikuiangalia. Nilimwangalia mjomba. Mwanamke mzee alipofungua mdomo, niliona mjomba naye haangalii televisheni. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Mume wangu, umekuya," akasema kwenye mikro. "Ni kaku yake." Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Bongo!" wakapiga kelele wa kesho. Kwetu bongo ni uongo.

Watu walipotoka nilibaki kumsaidia kupanga mabenchi. Nilikusanya nguvu zangu zote.

"Mujomba, ule mwanamuke alisema nini, kweli?"

Akaweka benchi chini. "Hata weye?"

"Nauliza tu."

"Unauliza filme, ao unauliza ingine?"

Nilichukua benchi lingine.

"Kaku alisema makelela," akasema. "Mi nilisikia jana, juu jana yake njo tuliongea na ye. Weye ungesikia nini?"

Mimi sikuwa nimetaja nyumba. Sikuwa nimemtaja kaku. Nilirudi nyumbani na jambo hilo, na mpaka leo sijui nilipime vipi. Mtu mwenye hatia hujitaja mwenyewe, ni kweli. Lakini mtu anayeshukiwa na mtaa mzima kila siku pia huanza kujibu kabla hajaulizwa.

Wachimbaji walikuja na turubai na masepetu. Patron alikuwa mbele, mjomba pamoja naye. Mmoja aliingia moja kwa moja chumba cha kulala, akaanza kusukuma kitanda cha kaku. Majirani walikuwa wameshajaa kwenye uzio, mama muuza samaki akiwa na beseni lake kichwani.

Kaku alikaa kwenye kiti. Aliuliza kwa Ciluba, "Watu hawa wanatafuta nini kitandani kwangu?"

Mjomba aliangalia chini. Mimi sijawahi kusema mbele ya watu. Hata shuleni nilikuwa naandika jibu kwa kidole hewani na kungoja mwalimu aite mwingine. Lakini kitanda kilikuwa kinakwaruza sakafu.

"Bamuulize tena," nikasema.

"Huyu anasema nini?" patron akauliza.

"Bamuulize kaku tena. Kama aliitika."

Patron akamgeukia mjomba. Mjomba akafungua mdomo, akaufunga. Na hapo kaku, ambaye mbele ya wageni hasemi Kiswahili, akakisema.

"Mi sikuitika. Mi nilisema mukuye kesho. Mulikuya? Hamukuya. Nilioga bure, nilivaa bure, nilikaa ku jua sababu yenu. Jibu yangu ilikuwa hapana. Mungekuya mungeisikia na chai."

Kwenye uzio watu wakacheka, lakini patron hakucheka. Alimgeukia mjomba. "Mutafsiri, mi nilisikia jana na masikio yangu."

"Ule ni mutu wa jana, patron!" mama muuza samaki akapaza sauti. "Sisi tunamujua! Hata filme yote anairudisha jana!"

Patron akawaita watu wake watoke. Alituambia tupatane kwanza sisi kwa sisi, halafu atarudi. Hajarudi. Labda atarudi. Kitanda tumekirudisha mahali pake. Beseni bado linatetemeka.

Mjomba ameacha mikro. Sasa filamu zinachezwa kwa Kiingereza, watu wanaangalia midomo na kukisia. Akipita mbele yetu ananisalimia kama mtu anayenunua makala kwa mwingine. Kaku hajamgombeza hata mara moja. Kila mchana ananipa sahani ya bukari, ndiyo ugali, iliyofunikwa nimpelekee, na mjomba anaipokea, na hatusemi. Nilimwuliza kaku kama anaamini mjomba alikosea au alifanya kusudi. Alisema, "Mume wangu, mi nilimuzaa. Usiniulize ile." Basi nimebaki na swali peke yangu.

Nimelifikiria nikiwa nimekaa kwenye magunia, na hapa ndipo nilipofika. Katika filamu mjomba hakuwa na faida yoyote. Hakuna aliyempa kitu ili aseme kaku badala ya mke. Kwa hiyo kama yule mwanamke mzee ni mke, na mwalimu alikwenda mbele, basi mjomba alikosea, na alikosea vilevile alivyokosea nyumbani: aliona jana mahali palipokuwa na kesho. Basi ndivyo akili yake ilivyo, na yale ya nyumbani yalikuwa makosa tu, na naweza kwenda kumwomba msamaha. Lakini kama mwanamke ni kaku kweli, mjomba aliona sawa wakati mtaa mzima ulikuwa unamcheka. Ina maana anajua vizuri kutenganisha jana na kesho. Halafu asubuhi ile, mbele ya patron, alitenganisha anavyotaka yeye. Nawaomba Mungu na ninyi iwe mke. Naomba mama muuza samaki awe amesema kweli.

Kama umeiona filamu hiyo, yenye kizimba chini ya ngazi, na jiwe lenye mwanga, na majani ndani ya chumba, niandikie mwanamke anasema nini. Ukijua jina lake niandikie pia. Andika kwa Kiswahili chochote, hata cha makosa, si zaidi ya haya yangu. Ila nakuomba usiandike bibi. Kwetu bibi ni mke, na nasikia huko kwenu mashariki bibi ni nyanya, na nitakuwa nimerudi palepale. Andika mke, au andika mama wa mama yake. Nasoma polepole, lakini namaliza.